Kabla hujanunua vifaa vya ziada vya Psion Organiser II

Kama umeangukia Psion Organiser II mahali na sasa unazunguka mtandaoni kutafuta vifaa vyake vya ziada, subiri kidogo kabla hujalipa. Mimi yangu niliipata hapa Leicester, kwenye soko la Jumapili asubuhi ambapo watu hufungua buti za magari na kuuza vitu vilivyowachosha nyumbani. Niliinunua kwa pauni 15, pamoja na mfuko wa plastiki wenye pakiti tatu, yaani vijisanduku vya data au programu vinavyochomekwa kwenye mashine. Mpaka ikawa kifaa ninachoweza kukitegemea, nilikuwa nimetumia pauni nyingine zaidi ya 110, na ningenunua kwa mpangilio mwingine nisingefika huko. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: tafuta njia ya kutoa data kabla hujatafuta mahali pa kuiweka.

Kwa asiyeijua, Organiser II ilitoka mwaka 1986. Waliotengeneza ni Psion ya London, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1980 na David Potter, mzaliwa wa Afrika Kusini. Ni kitu kizito, cha pembe nne, kinachojaa kiganja, na kina kifuniko kigumu unachokivuta kama ala. Ina vitufe 36 vilivyopangwa kwa alfabeti, A, B, C, D, kwa hiyo aliyezoea kibodi ya kawaida atahangaika wiki ya kwanza. Skrini ya aina ya XP, ambayo ndiyo ninayo, ina mistari miwili ya herufi 16 basi. Kulikuwa na CM yenye kilobaiti 8 za kumbukumbu, XP yenye 16 au 32, na baadaye LZ yenye mistari minne ya herufi 20. Marks & Spencer waliwapa wafanyakazi wao wa madukani. Kwa zama zile ilikuwa kompyuta kamili: ina saa, kengele, kikokotoo, daftari la kumbukumbu, na lugha yake ya programu iitwayo OPL.

Ina matundu matatu. Mawili yako mgongoni kwa ajili ya pakiti, nayo mashine inayaita B: na C:. La tatu liko juu, na humo ndimo vinapochomekwa vifaa vingine: kebo ya mawasiliano, kisoma bakodi, printa. Kumbukumbu ya ndani inaitwa A:. Shika hizo herufi tatu, kwa sababu kila nitakachosema kinazihusu.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha mchango, watu 24, Wakenya na Watanzania wa hapa mjini. Nilitaka rejista isiyolia, isiyoleta ujumbe, na isiyoombwa na watoto kuchezea gemu. Siku ya kwanza kuitoa mkutanoni, mama mmoja akaniuliza, "Mweka hazina, umetuletea rimoti ya TV?" Nikamjibu, "Subiri, mama, utaona." Sikujua kama mimi mwenyewe ndiye nitakayeona.

Pakiti kwanza. Zile tatu nilizopewa zilifanana umbo kabisa, na hapo pana jambo la kujihadhari nalo unaponunua rundo. Pakiti nyingi zilizouzwa zamani ni za programu: kuna ya kukagua tahajia, kuna ya chesi, kuna ya lahajedwali. Hizo hazikuongezei nafasi ya data. Yangu moja ilikuwa ya tahajia ya Kiingereza, ambayo kwa majina ya kina Mwanakombo na Nyamburu haina msaada wowote. Ya pili ilikuwa ya kilobaiti 8, tupu. Ya tatu ilikuwa ya kilobaiti 32, imejaa karibu yote mambo ya mwenyewe wa zamani. Muulize muuzaji ukubwa ulioandikwa kwenye lebo, na muulize kama ni ya data au ya programu. Akijibu "sijui, nauza kama ilivyo", kadiria bei yako ukichukulia kwamba ni ya programu.

Pakiti ya data, yaani Datapak, ndani yake kuna chipu ya EPROM, na tabia ya chipu hiyo ndiyo chanzo cha hadithi hii yote. EPROM tupu ina biti zote zikiwa 1. Mashine inapoandika, inazigeuza baadhi kuwa 0. Kuigeuza 0 irudi kuwa 1 mashine haiwezi kabisa. Hilo linafanywa na mwanga mkali wa urujuanimno (UV) peke yake, nao hufuta chipu nzima kwa mpigo. Kwa hiyo unapofuta rekodi kwenye pakiti, mashine inaweka tu alama ya "imefutwa" kisha inaiacha palepale. Ni daftari la wino: unapiga mstari juu ya jina, lakini karatasi imeshatumika.

Sasa fanya hesabu. Kila mwanachama nilimpa rekodi moja ya herufi kama 40: jina, simu, na jumla aliyokwisha kutoa. Ongeza baiti mbili ambazo mashine inaziweka mwanzoni mwa kila rekodi, unapata 42. Watu 24 ni baiti 1,008. Kila mwezi nikishapokea michango nabadilisha jumla ya kila mtu, na kila badiliko linaandika rekodi mpya nzima huku ya zamani ikipigwa alama. Pakiti ya kilobaiti 8 ina baiti 8,192. Maana yake miezi minane inaenea, na mwezi wa tisa hapaingii kitu, ingawa majina ni yaleyale 24 tangu siku ya kwanza. Mimi niligundua mwezi wa tatu tu, nilipoingia INFO kwenye menyu nikaona zaidi ya theluthi ya pakiti imeshaliwa. Kitabu cha maelekezo kinalieleza jambo hili waziwazi, ila nani husoma kitabu cha mashine ya mnadani?

Dawa yake ni nyepesi ukishaijua. Kumbukumbu ya ndani, A:, haina tatizo hilo. Ukifuta humo nafasi inarudi. Basi fanyia kazi zako zote A:. Rekebisha humo, kosea humo, andika programu zako za OPL humo mpaka zikae sawa. Pakiti iwe ya kuwekea nakala, mara moja kila baada ya miezi kadhaa, kwa jina jipya la faili. Hasa programu: mtu akiwa anajifunza OPL hurekebisha mstari mmoja, anahifadhi, anajaribu, anarekebisha tena. Akifanya hivyo kwenye B:, pakiti itajaa kabla hajamaliza somo la kwanza. Na programu ikishakamilika, ukiinakili kwenye pakiti bila maandishi yake ya asili, ile iliyotafsiriwa peke yake, inachukua nafasi ndogo zaidi. Maandishi yake ya asili yatunze kwenye kompyuta ya mezani.

Psion wenyewe, kwa kusema haki, hawakulificha hili wala hawakuwa na namna nyingine kwa teknolojia ya 1986. EPROM ilikuwa na sifa kubwa ambayo A: haina: betri ikifa, data inabaki. Hata walipotoa Series 3, kompyuta yao nyingine ya mfukoni, mwaka 1991 na kuingia kwenye kadi za flashi, bado nafasi ya vilivyofutwa haikurudi mpaka ufomati kadi nzima.

Hapo ndipo nikataka kufuta ile pakiti ya kilobaiti 32. Mke wangu anatengeneza kucha nyumbani, ana taa ya kukaushia rangi, na juu yake imeandikwa UV kwa herufi kubwa. Nikaona Mungu ameshanijibu. Bahati nzuri kaka yake, ambaye ni fundi wa vifaa vya elektroniki, alikuwa amekuja kula wali kwetu Jumapili hiyo. Akaitazama taa, akacheka. "Shemeji, hii utaiwashia hata mpaka Idi ijayo, chipu haitafutika." Akanieleza: taa za kucha hutoa mwanga wa nanomita kama 365 hadi 405, na EPROM inahitaji karibu 254. Ni miale ya aina nyingine kabisa, ile ya taa za kuulia vijidudu. Nimeshakutana na watu zaidi ya mmoja waliojaribu za kucha, kwa hiyo nakusihi usipoteze usiku wako.

Taa halisi ya kufutia EPROM niliinunua kwa pauni 22. Ni kasha dogo la bati lenye droo na kipima muda. Usinunue isiyo na kifuniko kamili. Miale ile inaunguza macho na ngozi, na maumivu ya macho huja baada ya saa kadhaa, ukiwa umeshasahau ulichungulia. Mimi yangu nimeiweka juu ya kabati, na waya wake naufunga mbali nayo, maana nina watoto.

Namna ya kufuta: chipu ina kidirisha cha kioo, na juu yake kuna lebo. Lebo iondolewe, na kidirisha kisafishwe vizuri kwa spiriti, kwa sababu gundi iliyobaki inazuia miale. Kidirisha kielekee taa. Kwangu dakika 20 zinatosha. Anza na 15, jaribu, ongeza. Usiiache usiku kucha kwa kutaka uhakika. Kisha irudishe pakiti kwenye mashine. Pakiti iliyofutika sawasawa, mashine inaipima yenyewe na kuitayarisha mara ya kwanza unapoigusa. Ikikuandikia PACK NOT BLANK, kuna biti zilizogoma, rudi kwenye taa. Ukimaliza, bandika kitu kisichopitisha mwanga juu ya kidirisha. Watengenezaji wa chipu hizo walikadiria kuwa jua kali la moja kwa moja linaweza kuifuta kwa muda wa kama wiki moja, na taa za mirija za ofisini kwa miaka mitatu hivi. Pakiti uliyoikuta bila lebo dirishani ihesabu kuwa data yake iko hatarini, na itoe mapema.

Lakini kabla sijaitia taani, nilitaka kujua kilichomo. Nilikuwa nimeshapitia rekodi zake kwa FIND na kukuta orodha ya wateja, inaelekea alikuwa muuzaji wa kutembea. Namba za simu za Leicester zilianza na 0533, msimbo uliobadilishwa kuwa 0116 mwaka 1995, kwa hiyo zilikuwa zimekaa humo muda mrefu. Swali langu lilikuwa juu ya zile zilizofutwa. Na kuzifikia kulihitaji Comms Link, ile kebo ya mawasiliano inayounganisha mashine na kompyuta ya mezani.

Comms Link ndiyo kifaa ambacho ningekinunua kwanza kama ningeanza upya. Inachomekwa tundu la juu, upande wa pili ina plagi ya seriali ya pini 25. Kwangu iligharimu pauni 45, mara tatu ya mashine yenyewe, na zinaadimika. Ukiichomeka hakuna kitu kinachotokea, na watu wengi hapo huandika malalamiko kwamba wameuziwa mbovu. Bonyeza ON/CLEAR ukiwa kwenye menyu kuu: neno COMMS litajiongeza. Ukiichomoa, bonyeza tena ON/CLEAR ili liondoke. Programu yake inajipakia kwenye kumbukumbu ya ndani, kwa hiyo mwenye CM ya kilobaiti 8 atajikuta amebanwa. Awe ameshahamishia vitu vyake kwenye pakiti kabla.

Upande wa kompyuta ya mezani ndiko nilikotokwa jasho. Kompyuta za leo hazina mlango wa seriali, kwa hiyo unahitaji kibadilishi cha USB, na kipunguzi cha kutoka pini 25 kwenda pini 9. Angalia dume na jike kabla ya kuagiza. Kibadilishi changu cha kwanza, cha bei ya kutupa, kilitambulika vizuri na kompyuta lakini hakikupitisha hata herufi moja. Nikabadilisha kasi, nikabadilisha kebo, nikaanza kumshuku muuzaji wa Comms Link wa watu bure. Nilipoweka kibadilishi kingine cha pauni 12, herufi zikaanza kushuka mara moja. Ningekuwa na busara ningeazima kibadilishi cha shemeji kwanza nikajaribu.

Kwenye COMMS kuna SETUP. Kasi iwe 9600 pande zote mbili, biti 8, bila pariti. Ukiona takataka kwenye skrini, alama zisizosomeka, kasi hazilingani. Ukiona ukimya kabisa, angalia HAND, yaani namna mashine mbili zinavyopeana ruhusa ya kutuma. Ikisubiri ruhusa kupitia waya ambao kibadilishi chako hakiunganishi, itasubiri mpaka kesho. Kisha kuna PROTOCOL. Ukichagua ya Psion, kompyuta ya mezani inapaswa kuwa inaendesha programu yao ya zamani ya DOS iitwayo CL, na kwangu inafanya kazi ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, baada ya kuielekeza kwenye mlango halisi wa seriali. Ukitaka maandishi tu, weka NONE, fungua programu yoyote ya terminali inayohifadhi kinachopokelewa, halafu tuma faili kwa TRANSMIT. Njia hii ya pili haina mapambo, na rejista yangu ya kwanza ilitoka salama kwa njia hiyo. Nilikaa pale nikitazama majina ya wanachama yakishuka mmoja mmoja kwenye skrini kubwa, nikamwita mke wangu aje aone, naye akaja akaona, akarudi jikoni.

Kwa zilizofutwa, TRANSMIT haisaidii kwa sababu inaziruka. Nilitumia programu ndogo inayosoma pakiti baiti kwa baiti na kuipeleka yote kwenye kompyuta. Humo nikaona ninachotaka kukuonyesha. Rekodi hai ya herufi 40 katika faili kuu inaanza hivi: 28 90. Hiyo 28 ni urefu, ni 40 kwa hesabu ya hexi (ya msingi wa 16), na 90 ni aina ya rekodi. Rekodi iliyofutwa inaanza hivi: 28 10. Basi. Kati ya 90 na 10 kuna biti moja tu iliyogeuka kutoka 1 kwenda 0, na herufi zote 40 zinazofuata ziko palepale, zinasomeka kama zilivyoandikwa. Katika hizo "zilizofutwa" kulikuwa na jina la benki likifuatwa na tarakimu nne peke yake. Sihitaji kukwambia ni nini. Nilifunga faili, nikaipeleka pakiti kwenye taa, na nakala ya kompyutani nikaifuta pia.

Kwa hiyo unaponunua pakiti iliyotumika, kuna uwezekano umenunua maisha ya mtu, usiyasambaze. Na unapouza yako, kuchagua ERASE rekodi kwa rekodi hakukulindi hata kidogo. Itie kwenye taa kwanza.

Baada ya hapo nikaona njia ya mkato: Rampak. Hii ni pakiti ya kilobaiti 32 yenye RAM ndani badala ya EPROM, na betri ndogo ya lithiamu ya kuilinda ikiwa nje ya mashine. Inaandikika na kufutika upendavyo, haihitaji taa. Ilinigharimu pauni 28 kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeandika "imejaribiwa". Ilipofika mashine iliitambua, nikahifadhi rekodi, nikazisoma, nikafurahi. Nikaichomoa jioni, nikairudisha asubuhi: nyeupe pe! Betri yake ilikuwa imechoka. "Imejaribiwa" kwa yule bwana ilimaanisha kwamba mashine iliitambua. Alinirudishia nusu ya pesa baada ya barua pepe kadhaa za heshima kutoka kwangu na fupi kutoka kwake. Shemeji ameibadilisha betri na sasa inashika, lakini mwambie muuzaji afanye jaribio hili kabla ya kulipa: aandike kitu, azime, aichomoe, ailaze nje mpaka kesho yake, airudishe, akupigie picha ya skrini. Anayekataa jaribio la bure, una jibu lako.

Hata ikiwa nzima, Rampak usiifanye mahali pekee pa nakala yako. Betri yake haikwambii inapokaribia kufa. Mimi rejista ya mwezi huu inakaa A:, ya wiki inakaa Rampak, ya robo mwaka inaandikwa kwenye Datapak, na yote hutumwa kwenye kompyuta kwa Comms Link. Ukiona ni mambo mengi kwa majina 24, uko sahihi. Ila pesa si zangu.

Kuhusu betri ya mashine yenyewe, usibane matumizi. Inatumia ile ya mraba ya volti 9, kama ya kipaza sauti. Kusoma hakuli sana. Kuandika kwenye Datapak ndiko kunakokula, kwa sababu EPROM inataka volti 21 kuandikwa na mashine inalazimika kuzizalisha kutoka kwenye hizo 9. Betri inayoonyesha saa vizuri na kukokotoa vizuri inaweza kuangukia katikati ya kunakili faili. Utapata BATTERY TOO LOW, na kilichoandikwa nusu kwenye pakiti kimeshakula nafasi yake, hakirudi. Kabla ya kunakili kitu kikubwa weka betri mpya ya alkali. Na unapoibadilisha, mashine iwe imezimwa, betri mpya iwe tayari mkononi, kifuniko chake umeshakifungua, maana kumbukumbu ya A: inashikiliwa kwa muda mfupi tu betri ikiwa nje. Nakili kwanza, badilisha baadaye. Na ile RESET kwenye menyu kuu usiiguse kwa udadisi. Kazi yake ni kufagia A: yote. Mtoto wangu wa kati ameshafika mpaka kwenye swali lake la kuthibitisha, nikamwahi.

Mambo madogo ambayo yangeniokolea muda: zima mashine kabla ya kuchomeka au kuchomoa chochote, iwe pakiti iwe kifaa cha juu. Pakiti isipotambulika, usikimbilie kusema imekufa. Safisha miguso yake kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, uichomeke na kuichomoa mara chache. Moja yangu ilifufuka kwa njia hiyo tu. Usiilazimishe kuingia, ikikataa, igeuze.

Vifaa vingine vya tundu la juu sijavinunua vyote, na nadhani wengi hawavihitaji. Kisoma kadi za sumaku ni cha maonyesho tu siku hizi. Printa inavutia, lakini inachukua tundu la juu na inataka karatasi na umeme wake, wakati mimi nikishatoa faili kwa Comms Link naichapa kwenye printa ya nyumbani. Kisoma bakodi, ile kalamu unayoipitisha juu ya mistari, ndicho kinachonitamanisha. Mwenzetu mmoja kikundini ana duka la unga, viungo na mafuta ya nazi, na ameshaniuliza kama kamashine kale kanaweza kumhesabia stoo. Kanaweza, ndiyo kazi kaliyokuwa kakifanya madukani. Nimemwambia atafute kalamu yenye kebo nzima, isiyo na nyufa pale inapoingia kwenye plagi, maana ndipo zinapokatikia, na asitoe zaidi ya pauni 30. Pakiti nitampa mimi ile ya kilobaiti 32, imeshafutwa.